Muziki wa Wachache

Maneno ya katibu kwa niaba ya kwaya, kabla ya tamasha la bure la saa ya chakula cha mchana, wiki ya Jubilii

 

Jumapili tutaimba. Tutavaa majoho mapya, tutaimba nyimbo za miaka yote 25, na akina mama wameahidi kwamba hakuna atakayerudi nyumbani na njaa. Lakini leo ni Alhamisi, saa saba na robo mchana, na kwaya yenu haitaimba hata ubeti mmoja. Mbele yenu kuna viti vinne tu: filimbi, klarineti, rekoda na gitaa. Tangu ratiba ibandikwe ubaoni tumeulizwa maswali matatu. Mbona kwaya isiimbe? Mbona saa ya chakula cha mchana? Na mbona bure, lango likiwa wazi, katika mji kama huu? Tunaomba dakika chache tuyajibu, kisha tunyamaze tusikilize.

Tuanze na swali la kuimba. Muziki mtakaousikia ni wa aina ambayo Wazungu waliiita muziki wa chumbani, kwa sababu ulipigwa ndani ya chumba cha nyumba, mbele ya watu wachache. Wapigaji huwa wawili, watatu, watano. Hakuna anayesimama mbele kuwaongoza kwa mkono. Kila mmoja ana sehemu yake, na hakuna mwingine anayeipiga. Katika kwaya ya watu arobaini, alto mmoja akikohoa wenzake humfunika. Katika muziki huu ukikohoa wewe, wimbo umetoboka. Kwa hiyo wapigaji hutazamana, husikilizana, na huvuta pumzi pamoja.

Gitaa linafaa sana hapa. Sauti yake ni ndogo. Bendi ya tarumbeta hulimeza. Lakini likikaa na filimbi moja, hupatana kama watu wawili wanaozungumza barazani. Mwitaliano Mauro Giuliani, aliyeishi Vienna mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika vipande vingi vya filimbi na gitaa, na leo tutasikia kimoja. Wala si mambo ya Ulaya peke yake. Wazee wetu wa magharibi mwa Kenya, akiwemo George Mukabi, walilifanya gitaa moja lisikike kama mawili: kidole gumba kikitembea na besi, cha shahada kikiimba juu. Mtindo huo unaitwa omutibo, na mpiga gitaa wetu atawaonyesha. Na ala za kupuliza, nani wa pwani asiyezijua? Nzumari ya harusini ina matete mawili yanayotetemeka mdomoni, sawasawa na obo ya Wazungu. Klarineti ina tete moja. Filimbi haina tete. Pumzi hupasuliwa ukingoni mwa tundu. Rekoda mnaijua wenyewe: ndiyo ile ambayo wazazi wengi mmewanunulia watoto wa gredi ya nne, na sisi walimu tumeisikia mpaka usingizini.

Kama kuna anayejiuliza muziki usio na maneno unafanya nini kanisani, tumkumbushe kijana Daudi mbele ya Mfalme Sauli. Maandiko yanasema alipiga kinubi kwa mkono wake, na mfalme akapata nafuu. Hayasemi kwamba aliimba.

Swali la pili ni la saa, na jibu lake ni historia yetu wenyewe.

Kwaya hii ilijengwa na watu wa kupita. Walimu, wauguzi, askari, makarani, wafanyabiashara. Wengi walitumwa Garissa kikazi, wakakaa. Ndiyo maana kila jambo lililoutikisa mkoa huu limetikisa madawati yetu. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa na watu zaidi ya 10 wakauawa. Novemba 2014 basi lilivamiwa kule Mandera, na kati ya 28 waliouawa walikuwemo walimu waliokuwa wanakwenda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 tulipoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na baadhi walikuwa katika maombi ya alfajiri. Mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, walimu wasio wenyeji walihamishwa kwa wingi. Kila mara tulisindikiza watu stendi. Kila mara tulirudi mazoezini na kuhesabu viti.

Baada ya Aprili 2015 serikali ilitangaza kafyu katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Jua likizama kila mtu awe kwake. Mazoezi yetu yalikuwa ya jioni, saa kumi na mbili unusu, baada ya kazi. Yakafa siku hiyo hiyo. Tukaulizana: tukutane lini? Saa iliyobaki ilikuwa hii, ya chakula cha mchana. Ofisi zimefungwa, wanafunzi wako mapumzikoni, jua liko utosini na njia inaonekana. Tukaja na mikate yetu mikononi. Siku nyingine tulikuwa sita. Siku nyingine tulikuwa watatu, soprano mmoja na besi wawili, na huwezi kuimba wimbo wa sauti nne kwa watu watatu. Hapo ndipo mwenzetu mmoja, aliyewahi kupuliza klarineti katika bendi, alipoitoa sandukuni, akaipuliza ile sauti ya alto iliyokosekana. Kesho yake gitaa likaja kushika tena. Hatukujua kwamba kitu hicho kina jina. Tulikuwa tunaziba mapengo ya wenzetu.

Baadaye tulisoma kwamba wengine walipita njia hiyo kabla yetu. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, London ilizimwa taa usiku kwa kuogopa mabomu, na kumbi za muziki zikafungwa. Mpiga piano Myra Hess akaomba jumba la picha la National Gallery, ambalo picha zake zilikuwa zimehamishiwa mahali salama, litumike kwa muziki wa saa ya chakula cha mchana. Tamasha la kwanza lilikuwa tarehe 10 Oktoba 1939. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, ili karani na mfagiaji waweze kuingia. Mabomu yalipozidi, walishuka chini ya jengo wakaendelea. Hadi Aprili 1946 yalikuwa yamefanyika matamasha 1,698. Nao pia walisukumwa na hatari ya usiku wakaikimbilia saa ya mchana. Kafyu yetu iliondolewa, wanakwaya wapya wamekuja, na mazoezi yamerudi jioni. Lakini saa hii hatukutaka kuiacha. Ilitulea.

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo zito. Wako wazee wetu waliosema wazi: muziki wa bure, lango wazi, watu tusiowajua, mna hakika? Hofu hiyo ni ya haki, wala hatuidharau. Ndiyo maana mmepekuliwa langoni, na tunawashukuru maafisa wa usalama wanaosimama juani ili sisi tukae kivulini. Wako pia waliosema tuuze tikiti, kwa sababu paa la ukumbi linavuja. Ni kweli linavuja.

Tuliomba, tukajadiliana, na hivi ndivyo tulivyoona. Baada ya shambulio la 2012, viongozi wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya walitangaza kwamba vijana wa Kiislamu watasaidia kuyalinda makanisa. Ahadi ile hatukuuziwa tikiti. Tangu hapo tumeishi na majirani zetu kwa salamu za barabarani: tunanunua maziwa kwao, tunafundisha watoto wao, tunatibiwa pamoja. Lakini ukuta wetu umezidi kupanda, na wao wamekuwa wakisikia tu sauti ikitoka ndani. Mtu unayemsikia kila wiki na humwoni, utamjuaje? Miaka 25 tumepokea kutoka kwa mji huu. Jubilii katika Maandiko ni mwaka wa kuachilia. Leo tumeamua kuachilia saa moja. Hakuna tikiti, hakuna kapu, hakuna bahasha, na hakuna mahubiri yaliyofichwa ndani ya muziki. Tumesubiri swala ya adhuhuri iishe ndipo tuanze, na hatutumii vipaza sauti. Anayetaka kusikia itabidi aingie aketi nasi.

Paa tutalichangia Jumapili. Jiandaeni.

Kipande cha mwisho tunaomba mkisikilize kwa makini. Ni wimbo wa kubembeleza mtoto wa ndugu zetu Wapokomo, watu wa mto huu huu wa Tana unaopita hapo chini ya daraja. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru, kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao George Senoga-Zake na Graham Hyslop, iliuchukua wimbo huo kutoka kwa Mzee Meza Morowa Galana ikautengeneza kuwa Wimbo wetu wa Taifa. Kwa hiyo kila asubuhi ya gwaride, kutoka Lamu hadi Turkana, Kenya nzima husimama wima kwa sauti ambayo mama wa Tana alimlazia mtoto wake. Leo hatutaupiga kama Wimbo wa Taifa, msisimame. Filimbi na gitaa vitaurudisha mgongoni mwa mama. Watu husema mkoa wetu hupokea tu kutoka kwa Kenya, tena mwishoni. Mkiusikia wimbo huo mtakumbuka tulichoipa.

Kabla ya kuanza, jambo la kiufundi, ili msitushangae. Joto la Garissa mnalijua. Saa hizi ni nyuzi 35 au zaidi. Hewa ikipata joto, sauti ya filimbi na klarineti hupanda. Nyuzi za gitaa zikipata joto hulegea, na sauti yake hushuka. Yaani jua lile lile huwavuta marafiki wawili, mmoja juu na mmoja chini. Hakuna mwenye kosa. Wasipofanya lolote, kufikia kipande cha tatu hawatasikilizana tena. Basi baada ya kila kipande mtawaona wakisimama, klarineti akitoa sauti moja ndefu, filimbi akivuta kichwa cha ala yake nje kidogo, na gitaa akikaza nyuzi, mpaka wakutane. Huo si muda wa kupoteza. Ndiyo kazi yenyewe. Sisi wa mji huu, ambao joto la kila namna limetuvuta huku na huku, tunaijua kazi hiyo: kusimama, kusikiliza, kukaza kidogo au kulegeza kidogo, kisha kuanza tena.

Maombi yetu ni machache. Simu zilale. Mtoto akilia, mama usitoke mbio, tumezoea. Makofi yangoje mwisho wa kila kipande. Atakayelazimika kurudi kazini saa nane atoke kimya bila aibu, maana saa hii ni yake.

Na ombi la mwisho. Yule anayepuliza rekoda leo ni mwanafunzi wa gredi ya sita. Amekaa katika kiti ambacho mwalimu aliyehamishwa alikiacha. Yeye hakutumwa Garissa na mtu, amezaliwa hapa. Tunao watoto wengine wenye rekoda zilizolala kabatini. Wazazi, wa kanisa hili na msio wa kanisa hili, tukopesheni watoto hao saa moja kwa wiki, hapa hapa, mchana kweupe. Tutawafundisha noti, tutawafundisha kusikilizana, na hatutawatoza hata shilingi. Sisi wa kupita tutapita. Tungependa viti hivi vinne visibaki wazi.

Kwa wenzetu waliozikwa, waliohamishwa na waliorudi makwao, tumewawekea nafasi mstari wa mbele, hiyo mnayoiona haina mtu. Vipande vyote vya leo tunawapigia wao na nyinyi pamoja.

Karibuni msikilize. Mungu aubariki mji wetu.