Kunasa Muziki kwa Kompyuta ya Viini Vingi

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba hata wale waliokaa nyuma wanasikia vizuri. Wekeni tayari kalamu na madaftari, maana leo tuna hesabu kidogo. Somo letu linahusu muziki, lakini linahusu pia fedha zenu.

Tuseme ninyi ni wanakwaya. Mmechanga fedha kwa miezi mingi, mkanunua kompyuta ya kunasia nyimbo. Fundi wenu amenasa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kisha ngoma, kinanda na gitaa. Kila moja ameiweka mahali pake peke yake. Mahali hapo panaitwa traki. Lakini akiupiga wimbo wote pamoja, spika zinatoa mikwaruzo. Wimbo unakatika-katika.

Fundi anatazama mita ya kazi ya kompyuta. Inaonyesha 13 katika 100 tu. Anashangaa: mbona kompyuta haijachoka, na wimbo unaharibika? Muuzaji wa kompyuta anasema, "Hii ina viini 8. Nunueni yenye viini 16." Je, mchange tena? Ngojeni kwanza.

Kiini ni nini? Ndani ya kompyuta kuna prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu zote. Zamani prosesa ya kompyuta ya kawaida ilikuwa na kiini kimoja, nayo ilikuwa kama jiko lenye mpishi mmoja. Watengenezaji walimfanya mpishi huyo aongeze mwendo mwaka hata mwaka, mpaka joto likawa kubwa mno. Basi, mwaka 2005, kampuni za Intel na AMD zilianza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida za mezani. Badala ya kumkimbiza mpishi mmoja, waliongeza mpishi wa pili. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kompyuta hunasa sauti kwa kuipima mara nyingi sana. Studio nyingi hupima mara 48,000 kwa kila sekunde. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kwa hiyo kila milisekunde ina vipimo 48. Kompyuta haifanyi kazi kwa kipimo kimoja kimoja, bali kwa fungu. Ukubwa wa fungu hilo huitwa bafa. Tuseme bafa ni vipimo 256. Gawanyeni 256 kwa 48. Mmepata ngapi? Ndiyo, 5 na theluthi moja. Maana yake, kila baada ya milisekunde 5 na kidogo, fungu jipya lazima liwe tayari. Likichelewa, spika hazina cha kutoa, nanyi mnasikia mikwaruzo.

Je, wapishi 8 wanagawanaje kazi hiyo? Programu nzuri ya kunasa muziki humpa kila mpishi traki yake. Huyu anashika ngoma, yule kinanda, mwingine sauti ya kwanza. Hapo wapishi wengi ni faida kubwa, kwa sababu ngoma haingojei kinanda.

Lakini fikirini juu ya chungu kimoja cha pilau. Kwanza vitunguu hukaangwa, halafu hutiwa viungo, halafu nyama, halafu supu, na mchele mwisho. Hata mkileta wapishi 8, mchele hauwezi kuingia kabla ya supu. Ndivyo ilivyo ndani ya traki moja. Fundi huweka vipambo vya sauti: cha kwanza huondoa mvumo, cha pili husawazisha sauti, cha tatu huongeza mwangwi. Kila kipambo hungoja kilichotangulia kimalize. Kazi hiyo ni ya mpishi mmoja, wengine watazame tu.

Tena, mwishoni traki zote humiminwa katika sinia moja, ndiyo traki kuu. Hapo wapishi wote hungojana. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, alionyesha jambo hili: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka. Ikiwa sehemu moja katika kumi ya kazi haigawanyiki, hata mkileta wafanyakazi wasiohesabika, kazi haitakwenda zaidi ya mara kumi ya mwendo wake wa kwanza.

Basi turudi kwa fundi wetu. Yeye aliweka vipambo vizito 12, vyote juu ya traki kuu. Kiini kimoja kimejaa, saba karibu vimelala. Gawanyeni 100 kwa 8: mtapata 12 na nusu. Ndiyo sababu mita ya jumla inasoma 13! Mita haikusema uongo. Ilitoa wastani wa wote, mchapakazi na wavivu. Na mkinunua kompyuta ya viini 16 yenye mwendo uleule, mtakuwa na wavivu 15.

Mfanye nini kabla ya kutoa fedha?

Kwanza, zimeni vipambo kimoja kimoja, mtazame ni kipi kikizimwa mikwaruzo inakoma. Hicho ndicho kizito. Kihamisheni kwenye traki inayokihitaji, kama hakihitajiwi na wimbo mzima.

Pili, wakati wa kuchanganya sauti, ongezeni bafa mpaka 1,024. Lakini wakati mwimbaji anaimba, ipunguzeni tena, la sivyo atajisikia masikioni kwa kuchelewa.

Tatu, gandisheni traki iliyokwisha kamilika. Yaani, programu iipike mara moja na kuiweka akiba, isiipike upya kila mara.

Nne, fungueni mipangilio ya programu, mhakikishe imeruhusiwa kutumia viini vyote.

Mkifanya hayo yote na mikwaruzo ikabaki, tazameni traki zenu. Kama ni nyingi, na kila moja ina kazi yake, viini zaidi vitawafaa. Kama uzito uko katika traki moja, tafuteni prosesa ambayo kila kiini chake kina mwendo mkubwa zaidi. Idadi peke yake si dawa. Wahenga walisema pia, nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Haya, andikeni maswali haya:

1. Kwa nini kipambo cha pili hungoja cha kwanza?
2. Bafa ya vipimo 1,024 ni milisekunde ngapi, ikiwa kila milisekunde ina vipimo 48?
3. Kompyuta ya viini 4 ina kiini kimoja kilichojaa, na vingine vimelala. Mita ya jumla itasoma ngapi?

Jadilianeni darasani kabla ya kumwuliza mwalimu. Na atakayekuja kuwaambia, "Nunueni kubwa zaidi," mwulizeni kwanza: "Kazi yetu imekwama wapi?"