Mzigo Uliopita Tabora



Katika lugha yetu neno shahidi lina maana mbili. Shahidi ni yule asimamaye barazani kusema aliyoyaona. Tena shahidi ni yule auawaye kwa ajili ya dini yake. Wa namna ya pili twawajua, kama vijana wa Uganda waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Leo nataka kunena habari za watu ambao hakuna mfalme aliyewahukumu, lakini ushuhuda wao waliuchukua mabegani, wakapita nao hapa Tabora.

Dr. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Mzungu mwingine hakuwapo. Walikuwapo Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wapagazi, jumla yao kama watu 60. Wangaliweza kumzika, kugawana nguo na shanga, kila mtu akaenda zake, nani angaliwauliza? Walijua pia ya kuwa kupita na maiti katika nchi za watu ni hatari kubwa. Walakini walifanya shauri wakakata neno la kumrudisha kwao. Moyo wakauzika chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko na kuchora maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga ndani ya gome la mti na kuushonea turubai. Wakaanza safari. Wengi waliugua, na wengine walikufa njiani.

Mwezi wa Oktoba walikaribia Unyanyembe, nao wana njaa. Jacob akaandika barua, Chuma akatangulia nayo, na hapa Tabora akamkuta Bwana Cameron, afisa wa manowari aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Bwana Cameron akawasaidia, kisha akawashauri wamzike papa hapa.

Ndugu zangu, lifikirini shauri hilo. Halikuwa shauri baya. Aliyelitoa ni Mwingereza mwenzake marehemu, tena mwenye cheo. Kwihara ilikuwa karibu, pale pale Livingstone alipokaa mwaka 1872 akiwangoja wengi wa watu hawa waje kutoka pwani. Kama wangalitua mzigo siku ile, hakuna ambaye angaliwalaumu. Nao walikataa.

Walipofika Kasekera wenyeji wakawazuia. Basi wakafunga mabua ya mtama katika nguo mfano wa maiti, wakawapa watu wachache wayarudishe kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama mtumba wa nguo. Mwalimu mmoja aliniuliza kama huo haukuwa uwongo. Ulikuwa uwongo, sikatai. Lakini mimi nisiyepata kulala na njaa kwa ajili ya mwingine siwezi kuwahukumu. Mbele kidogo binti mdogo wa msafara, aliyechukua mtungi wa maji, aliumwa na nyoka akafa pale pale njiani.

Wala tusijivune kwamba wote walikuwa Wakristo. Chuma na Jacob walikwisha batizwa. Susi alikuwa Mwislamu, akabatizwa Unguja mwaka 1886 kwa jina la Daudi.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Wakalipwa haki yao, wakaambiwa waende zao. Jacob peke yake alisafiri na maiti mpaka Uingereza, na tarehe 18 Aprili alikuwamo kati ya waliochukua jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika huko baada ya maziko. Baadaye zilitengenezwa nishani, lakini wengi wa wapagazi walikwisha tawanyika.

Jacob huyu alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akakombolewa na manowari ya Kiingereza na kusomeshwa Bara Hindi. Alirudi Afrika akatumika katika misheni, na mwaka 1892 akafariki Urambo, magharibi ya mji huu, kando ya njia ile ile.