KISU CHA KUKUNJA: NAMNA YA KUUPIMA UUNDAJI WAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama)



Katibu wetu aliponiuliza nitasema juu ya jambo gani, nami nikamjibu, "Juu ya kisu cha mfukoni," alicheka, akadhani namfanyia mzaha. Lakini sikuwa na mzaha. Kisu kidogo cha kukunja ni chombo cha kazi yetu sisi makarani tangu zamani sana. Katika pwani yetu waandishi walichonga kalamu za matete kwa kisu kabla ya kuandika hata herufi moja. Huko Ulaya makarani walichonga kalamu za manyoya ya bata bukini, na Waingereza hata leo hukiita kisu hicho kwa jina lenye maana ya "kisu cha kalamu". Kalamu za manyoya zimekwisha, kisu kimebaki: chachonga penseli, chafungua barua, chakata kamba ya mzigo, na saa ya chakula chamenya chungwa.

Tena ninayo sababu ya pili, nayo si ya kujisifu. Katika jambo hili la visu nalikosa hukumu mara mbili kwa siku moja, na aliyelipa kosa langu hakuwa mimi.

Nilipomaliza masomo, mjomba wangu alinipa kisu cha kukunja. Mpini wake ulikuwa wa mfupa, na chuma chake kilikuwa cha rangi ya kijivu, hakikuwa na mng'ao. Nilikitumia miaka mingi bila ya kukifikiri. Siku moja rafiki yangu, mtu ajionaye kuwa mjuzi, alikiinua juani akanionyesha uzi mwembamba wa nuru upitao ndani ya mpini. Akasema, "Kazi mbovu hii." Nikaona haya. Alasiri ile ile nikaenda dukani, nikanunua kisu king'aacho kama kioo, kimelazwa juu ya kitambaa chekundu ndani ya sanduku lake, kwa bei isiyokuwa ndogo kwa mshahara wangu. Kile cha mjomba nikampa mzee mmoja, tarishi wa ofisi yetu.

Haukupita mwezi. Karani kijana wa meza ya pili aliniazima kisu kipya akate kamba ya furushi la majalada. Kamba ilikuwa ngumu, naye akaichoma kwa ncha ili aipenyeze. Kisu kikajikunja mkononi mwake, makali yakaingia katika vidole viwili. Majuma kadhaa hakuweza kushika kalamu. Na kitambaa cha kumfungia jeraha, yule mzee tarishi alikikata upesi kwa kisu kile kile nilichokionea haya.

Tangu siku ile nalijiuliza: Nilipokinunua kile kisu, nilitazama nini? Nilitazama mng'ao, na sanduku, na bei. Wahenga walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nilitazama kielelezacho, wala sikuuliza kimeundwaje. Basi nimejifunza kwa kusoma, kwa kuuliza mafundi, na kwa kufungua na kufunga visu vingi, na niliyoyapata ndiyo niwapayo leo.

Kwanza yatupasa kujua tunasema juu ya visu gani. Nasema juu ya vile vya mtindo wa zamani ambavyo hata siku hizi vyaundwa upya. Vyatengenezwa Sheffield katika Uingereza, Solingen katika Ujerumani, Thiers katika Ufaransa, na Marekani pia. Kule Bradford, katika jimbo la Pennsylvania, iko W. R. Case & Sons, ambayo asili yake ni mwaka 1889; na katika jimbo hilo hilo, mjini Titusville, Great Eastern Cutlery ilianza mwaka 2006 kuunda visu kwa vielelezo vya kale. Kwa hiyo ufundi huu haukufa. Opinel cha Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890, sikitii katika hesabu hii, kwa maana hicho hakina kamani. Hushikwa na pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955, nacho chapimwa kwa kanuni nyingine.

Umbo la ndani la visu nivisemavyo ni moja. Iko kengee, yaani kile chuma kikatacho. Shina la kengee limetobolewa, na katika tundu lake hupita msumari wa kiungo. Yako mabamba mawili membamba, mara nyingi ya shaba, moja kila upande. Na juu ya mabamba umewekwa mfupa, au pembe, au mti, ndio mpini tuushikao. Kati ya mabamba, upande wa mgongo, imelala kamani, nayo ni ufito wa chuma upindikao kidogo na kurudi. Kamani hulikandamiza shina la kengee. Shina limechongwa pande bapa, na kamani ikiukuta upande bapa, kengee hutulia. Hakuna kufuli. Kinachokizuia kisu kisijikunje mkononi mwako ni nguvu ya kamani na usawa wa shina, basi. Kwa sababu hiyo hata kisu bora hakifai kuchomea kwa nguvu. Bali kisu kibovu hujikunja kwa sababu ndogo sana.

Sasa nitaeleza namna ya kukipima. Hamhitaji chombo chochote ila macho, vidole, na kipande cha karatasi.

Kisu kikiwa kimefungwa, kitazame kwa juu. Kengee ilale katikati ya mabamba, isikwaruze upande wowote. Ikiwa kisu kina kengee mbili au tatu, huenda zikakaribiana sana, maana fundi hana budi kuzipindisha kidogo ili zipishane. Hilo si kosa, madhali hazikwaruzani. Kisha pitisha kidole polepole penye ncha. Ncha ifichike kabisa ndani ya mpini. Ikichungulia, itatoboa mfuko, na baada ya mfuko itatafuta kidole.

Kifungue kwa kuingiza ukucha katika mfuo wake. Kamani ivute kwa nguvu, wala isivunje ukucha. Kengee inapofika mwisho yapasa iingie mahali pake kwa mlio mkavu, ta! Mwendo huo na mlio huo mafundi huvisikiliza sana. Mwendo ukiwa mzito kama wa mlango wenye kutu, huenda ni uchafu tu, na tone la mafuta litauponya. Lakini kengee ikifika mwisho bila ya mlio wala nguvu, kamani ni dhaifu, na dawa yake haimo mikononi mwetu. Visu vingine husimama pia katikati ya safari, kengee ikiwa wima. Vingine hupita moja kwa moja, maana shina lake ni la mviringo. Hayo ni mapenzi ya muundaji, si ubora wala upungufu.

Kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja, na mgongo wa kengee kwa mkono wa pili, ukiyaepuka makali. Jaribu kuitikisa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kutikisika kidogo kwa ubavu hutokana na msumari uliolegea, na fundi mwenye nyundo ndogo aweza kuukaza. Kutikisika juu na chini ni kubaya zaidi, maana hapo shina na kamani havikutani sawasawa. Hilo ndilo lililokuwa katika kisu changu cha sanduku, nami sikulijaribu.

Pitisha ukucha juu ya mgongo, mahali kamani ikutanapo na mabamba. Katika kazi bora ukucha haukwami, kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa pia. Kisha kiinue juani kama alivyofanya rafiki yangu. Mwanga mwembamba kama uzi, baina ya kamani na bamba, ni upungufu wa urembo; waweza kuingiza vumbi, lakini hauondoi nguvu. Ufa ulio mpana hata ukucha ukaingia, huo ni uzembe, na mahali palipo na uzembe mmoja tafuta wa pili.

Sasa ile karatasi. Chini ya mwanzo wa makali pana kijino kidogo, ambacho kazi yake ni kuyazuia makali yasiigonge kamani kisu kifungwapo. Laza ukanda wa karatasi juu ya kamani kwa ndani, kisha ukifunge kisu. Karatasi ikikatwa, ujue makali yapiga chuma kila siku, na kila siku utakuwa ukiyanoa bure.

Tazama pia mpini. Mfupa na pembe ni vitu vilivyokuwa hai, navyo husinyaa na kutanuka kwa hali ya hewa; basi ukiona kidato chembamba kati ya mfupa na chuma, usikasirike. Bali ufa unaoanzia penye msumari utaendelea mpaka kipande kianguke.

Limebaki jambo lisiloonekana, nalo ni chuma chenyewe. Chuma cha namna ya 1095, kipendwacho katika visu vya mtindo huu, kina kaboni ipatayo asilimia 0.95. Chanoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu upesi kisipofutwa, na rangi yake hugeuka kijivu kwa matumizi. Rangi ile niliyoidharau katika kisu cha mjomba haikuwa ubovu, ilikuwa tabia ya chuma cha aina yake! Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi kimetiwa kromi nyingi, nacho huhifadhi mng'ao. Lakini chuma cha aina yoyote, kisipochomwa na kupozwa kwa kipimo chake, huwa laini au huvunjika kama kigae. Hilo jicho haliwezi kuliona. Utalijua kwa kukitumia, au kwa kulitegemea jina la muundaji.

Na hapa lazima niseme juu ya majina. Zamani watu waliona haja ya kuyalinda: mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilitoa sheria iliyokianzisha chama cha waunda visu wa Sheffield, na moja ya kazi zake ilikuwa kuzisimamia alama za mafundi, ili mtu asipige alama ya mwenziwe. Lakini jina lanunuliwa na kuuzwa kama shamba. Kiwanda cha Schrade, cha Ellenville katika jimbo la New York, kilifungwa mwaka 2004. Jina lake likanunuliwa, likaendelea kupigwa juu ya visu vilivyotengenezwa China. Sisemi kwamba visu vya China ni vibaya. Nimevishika vingine vilivyonishinda kwa usafi wa kazi, na bei yake ni ndogo. Nasema tu kwamba jina ni ushahidi wa mtu mmoja, na shahidi mmoja hatoshi.

Alhasili, ndugu zangu, ukiona kasoro katika kisu, usipige kelele mara moja kwamba ni kibovu, wala usinyamaze. Iulize kasoro hiyo ni ya jamaa gani. Ziko kasoro za hatari: kamani dhaifu, shina lisilotulia, ncha ichunguliayo. Hizo hazina msamaha, hata kisu kikiwa cha bei gani. Ziko kasoro zitengenezekazo: makali butu, kiungo kikavu, msumari uliolegea kidogo. Hizo zipunguze bei, zisikizuie kisu. Na ziko alama za kazi ya mkono: uzi wa nuru, rangi ya mfupa isiyolingana, mchongo uliopita kidogo upande mmoja. Hizo, ikiwa bei ni ya kiasi, mwenye busara huziacha. Aliyelipa bei kubwa ana haki ya kuuliza zaidi, lakini hata yeye aulize kwanza habari ya kamani, kisha habari ya mng'ao. Mimi nilikitupa kisu kwa kasoro ya jamaa ya tatu, nikanunua chenye kasoro ya jamaa ya kwanza.

Mtauliza, yule mzee je? Nilimwendea baadaye nikamwambia, "Mzee, niuzie kile kisu, nitakulipa bei ya kipya." Akakitoa mfukoni, akakifungua, ta! akakitazama, akakifunga tena. Akasema, "Bwana Karani, ulinipa mwenyewe, nami nimekizoea. Lakini ukihitaji kuchonga penseli, njoo." Sikuweza kumlaumu. Hata sasa nikihitaji kisu ofisini huenda kwake kukiazima, na kila akinipa hunikumbusha kwa upole nikirudishe.

Mwenye kisu mfukoni na akitoe sasa, tukipime pamoja.