Artane Katika Kliniki ya Afya ya Akili: Apewe Nani, Kiasi Gani, Hadi Lini

Utangulizi



Kadi nyingi za wagonjwa wetu zina mstari uleule: haloperidoli, na chini yake Artane, yaani benzeksoli, miligramu 5. Mstari huo hunakiliwa kliniki hadi kliniki, na mara nyingi hakuna anayejua ulianza kwa sababu gani. Hoja yangu ni moja: Artane haitibu saikosisi. Inatibu madhara ya dawa zinazotibu saikosisi. Kwa hiyo apewe mwenye madhara hayo, na yakiisha iondolewe.

Inavyofanya kazi

Haloperidoli na flufenazini huzuia dopamini ubongoni. Katika sehemu inayoongoza mwendo wa mwili, dopamini ikizuiwa asetilikolini huizidi nguvu, na mgonjwa hukakamaa, hutetemeka au hupindika. Artane huizuia asetilikolini ili uwiano urudi. Tatizo ni kwamba asetilikolini hiyohiyo ndiyo inayoleta mate na jasho, inayosukuma choo na mkojo, na inayosaidia kumbukumbu. Huwezi kuizuia mahali pamoja tu.

Apewe nani

Chukulia kijana wa miaka 20 aliyechomwa haloperidoli juzi. Leo shingo imepinda, macho yamepanda juu, taya limekaza. Nyumbani watasema mashetani yamempanda. Pengine wameshampeleka kuombewa. Huyu anahitaji dawa mara moja, na kama hawezi kumeza, prometazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli itamsaidia.

Anayetetemeka mikono na kutembea kwa kuburuta miguu wiki kadhaa baada ya kuanza matibabu naye atafaidika. Kwake, hata hivyo, tuulize kwanza kama dozi ya haloperidoli inaweza kupunguzwa. Asiyetulia, ambaye hata kukaa kwenye benchi kunamshinda, Artane humfaa kidogo. Propranololi ni bora, mradi hana pumu. Na aliyetumia dawa kwa miaka, ambaye sasa midomo na ulimi vinacheza vyenyewe, Artane inaweza kumzidishia.

Vipi kuhusu kumpa kila mtu kama kinga? Mwaka 1990 wakuu wa vituo vinavyoshirikiana na Shirika la Afya Duniani walitoa tamko kwamba jambo hilo lisifanywe kama desturi. Kinga inaweza kukubalika mwanzoni mwa matibabu, kisha haja yake ipimwe upya.

Dozi

Mtu mzima aanze na miligramu 1 hadi 2 kwa siku, zikiongezwa taratibu. Wengi hutosheka na miligramu 5 hadi 15 kwa siku, zilizogawanywa. Dozi ya mwisho isisogezwe usiku, kwani huweza kumnyima usingizi. Mzee aanzie chini kabisa, na kibao kizima cha miligramu 5 kisiwe mwanzo wake.

Kuacha ghafla hakufai: mgonjwa hutoka jasho, hukosa usingizi, na kukakamaa kunaweza kurudi. Tupunguze kidogo kidogo, kwa mfano miligramu 2 kila baada ya wiki moja au mbili, huku tukimwangalia.

Tahadhari

Kabla ya kuandika, tuulize kuhusu presha ya macho, tezi dume, choo kigumu na mapigo ya moyo. Tuulize pia anameza nini kingine. Amitriptilini, klopromazini, prometazini na hata Piriton ya mafua hukausha mwili kwa njia hiyohiyo, na madhara yake hujumlishana.

Hatari kubwa ni hii: mgonjwa analetwa amechanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwapo, anapapasa hewa. Ni rahisi kuandika kwamba ugonjwa umerudi na kumwongezea klopromazini. Kabla ya hapo, mguse kwapani. Kukiwa kukavu, ngozi ina joto, mboni zimepanuka na mapigo yanakimbia, shuku Artane. Zuia Artane na dawa nyingine zote zinazokausha mwili, mpoze, mpime kama mkojo umejaa kibofuni, na umpeleke hospitali.

Tukumbuke pia kwamba dozi kubwa huwapa baadhi ya watu msisimko, ndiyo maana vidonge hivi hutafutwa mitaani. Anayedai kila mara kwamba vimepotea asikatiwe huduma. Apewe vichache, na achunguzwe kama bado ana dalili.

Mapendekezo

1. Kila Artane inayoandikwa iambatane na sababu yake na tarehe ya kuipima upya, isizidi miezi mitatu.
2. Kila ziara muuguzi amwangalie mgonjwa akitembea na kunyoosha mikono, na amuulize kuhusu choo na mkojo.
3. Mfamasia asitoe zaidi ya vidonge vya kufikisha kliniki ijayo.
4. Ndugu waelezwe siku ya kwanza kabisa dalili za shingo kupinda na macho kupanda, ili wamlete kituoni mapema.