Hodi ya Kijijini na Hodi ya Mjini



Hapa Peramiho nyumba zetu ziko mbalimbali, lakini mambo yetu yako karibu. Ukipita njiani bila kusimama na kueleza utokako na uendako, utaambiwa una majivuno.

Dar es Salaam ni kinyume. Mwaka 1967 mji huo ulikuwa na watu wapatao 270,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 5,300,000 mkoani humo. Ndani ya daladala mtabanana bega kwa bega, wala hakuna atakayekuuliza jina. Katika nyumba ya vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, pazia la mlangoni ndilo ukuta: halifunuliwi bila hodi.

Basi vijana, mkifika huko msidhani ukimya wa jirani ni chuki. Hiyo ndiyo heshima aliyo nayo ya kuwapa. Nanyi wenzangu mnaorudi likizo, msiwaite wambea wazee wanaowauliza habari za ndoa na kazi.

Lakini mpangaji mwenzako asipoonekana siku mbili, piga hodi. Hakuna ustaarabu wa mjini unaokataza kumjulia hali mgonjwa.