Saratani ya kongosho: mgonjwa aambiwe yote

Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa kwa mchanganyiko wa dawa uitwao FOLFIRINOX, nusu ya wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa, waliokuwa bado na nguvu, walivuka miezi 11. Kwa dawa ya jemsitabini pekee, nusu hawakufika hata 7. Ila nyongeza hiyo ya miezi huja na kuhara, uchovu na ganzi ya vidole, hadi kufunga kifungo cha shati ni kazi. Mgonjwa atajiwe yote hayo kabla ya kutundikiwa dripu. Wapo wanaodai ukweli huua matumaini. Sikubaliani: takwimu hiyohiyo inasema nusu walivuka, na anayechagua kutulizwa maumivu tu naye anatibiwa. Madaktari, waulizeni wagonjwa kwanza wanataka kuishi vipi.