Mkono Unaotetemeka Si Uzee Tu

Msikilizaji, mtazame mzee anayeshuka matatu pale Rongai, Magadi Road. Hatua zake ni fupi fupi. Mkono mmoja hauchezi anapotembea, lakini ukitulia pajani unatetemeka. Makanga anamharakisha. Majirani wanasema ni uzee, wengine wananong'ona amerogwa.

Huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Wilayani Hai, Kilimanjaro, madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliongoza utafiti wa nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu dawa ipo. Levodopa imetumika tangu miaka ya 1960, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, lakini inaweza kumrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati na kujilisha mwenyewe.

Tena, utambuzi hautegemei mashine kubwa. Daktari humtazama mgonjwa akitembea, akigonganisha vidole, akiandika, maana mwandiko nao huzidi kuwa mdogo. Maafisa wa kliniki wa Kajiado, kaunti ilipo Rongai, wanaweza kufundishwa kuziona dalili hizo, wakawaelekeza wagonjwa mapema kwa wataalamu wa neva walioko Nairobi. Serikali ya kaunti ianzie hapo, na ihakikishe tembe za levodopa hazikosekani hospitalini.